Vidonge Saba kwa Ghorofa Kumi na Nne

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapata nguvu, Mwewe alishika ngazi ya kreni kwa mikono miwili, akasema kimoyomoyo, "Mungu wangu, nipandishe na unishushe," kisha akaanza kupanda. Vipago mia moja arobaini na mbili. Miguu yake ilivijua kuliko kichwa chake: cha thelathini na tatu kimepinda kidogo, cha themanini kinalia kikikanyagwa, na ukifika cha mia moja na kumi upepo unakusalimia usoni, utake usitake.

Juu kabisa palikuwa na kibanda cha vioo, kikubwa kama kabati la nguo. Ndani yake mlikuwa na kiti kimoja, vipini viwili vya kuendeshea, redio ya mkononi na picha ndogo ya mkewe iliyobandikwa kwa gundi. Kwenye viti vya namna hiyo Mwewe alikuwa amekaa miaka kumi na tisa, akinyanyua nondo, matofali, zege na madirisha ya watu ambao hatawajua maisha. Ndiyo maana wakamwita Mwewe. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho.

Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mwenye mikono mipole. Aliweza kuteremsha tani nzima ya matofali kama mama anavyomlaza mtoto aliyelala. Kosa lake lilikuwa moja: hakupenda kushuka. Kengele ya chakula ikilia wenzake wanakusanyika kivulini, yeye yuko juu na kopo lake la chakula, na kama hakulimaliza leo, analifunika analiacha palepale kwa ajili ya kesho.

"Hicho kibanda chako ni tanuri," mkewe alimwambia siku moja. "Chakula kinachokaa humo siku mbili si chakula tena. Hicho kimeshakuwa kiumbe."

"Mama, mimi tumbo langu ni la chuma."

"Chuma kinaota kutu, baba."

Mkewe alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mwanamke wa maneno machache. Alisema lake mara moja, akarudi kwenye cherehani. Aliyebaki na kazi ya kulikumbuka ni wewe.

Wiki hiyo pale kazini palikuwa na jambo kubwa. Jengo lilikuwa limekwisha ghorofa zake, na siku ya Alhamisi tenki la maji lilitakiwa lipandishwe paani. Msimamizi wao, ambaye walimwita Kabla-ya-Saa-Sita kwa sababu kila kazi aliitaka iishe kabla ya saa sita, aliwaambia watu wote wakisikia:

"Kampuni inaleta kreni mpya kwenye uwanja wa pili. Ina kiti cha sponji na feni. Waendeshaji ninao wawili, Mwewe na yule Mama Pacha wa jengo la ng'ambo. Atakayepandisha tenki hili vizuri, kiti kipya ni chake. Nimemaliza."

Mwewe hakulala sawasawa tangu siku ile. Mama Pacha alikuwa mwendeshaji hodari, mama wa mapacha wawili, na mdomo wake ulikuwa mkali kama msumeno. Lakini tenki liko hapa, kreni ni ya hapa, na Mwewe ndiye wa hapa. Kiti kile alishakikalia kwa mawazo. Hata feni alishaiwasha.

Basi Jumanne mchana akala maharage ya Jumatatu. Yalikuwa na harufu kidogo, akajisemea ni harufu ya kopo.

Jumatano asubuhi, saa tatu, tumbo likanguruma kama mashine ya kuchanganya zege. Mwewe akakaza mkanda. Likanguruma tena. Akaita kwenye redio, "Nashuka kidogo," akashuka vipago mia moja arobaini na mbili kwa mwendo ambao hajawahi kushuka nao. Akavuka uwanja hadi choo cha bati kilichokuwa nyuma ya stoo. Akapanda tena. Saa nne akashuka. Saa tano kasoro akashuka. Mara ya nne wabeba mifuko ya saruji walikuwa wameshajipanga pembeni wanampigia makofi.

"Mwewe leo amekuwa lifti!" mmoja akapaza sauti.

"Mwacheni mgonjwa," akasema Profesa, fundi zege, mzee mnene ambaye hakuna jambo duniani alilokosa jibu lake. Akamshika Mwewe mkono, akampeleka stoo, akashusha kopo la bati lililokuwa juu ya rafu. Ndani ya kopo hilo mlikaa plasta, bendeji moja chafu, na vile vidonge vya kuzuia kuharisha ambavyo kila mtu pale alikuwa akivichota akitaka, kama njugu.

Hapa inabidi nieleze, maana utaratibu huu sidhani kama uko mahali pengine. Wanaume wale walikuwa na kanuni yao ya kupima dawa, na aliyeitunga ni Profesa huyohuyo. Anayefanya kazi chini anameza kidonge kimoja, kwa sababu choo kiko karibu. Anayefanya kazi juu anameza kidonge kimoja kwa kila ghorofa mbili. "Jengo likipanda, nondo zinaongezwa," Profesa alisema. "Je, mtu si jengo?" Na kwa vile aliyemeza viwili alipona, na aliyemeza vitatu naye alipona, kanuni ikasimama. Hakuna aliyejiuliza kwamba pengine wangepona hata bila kumeza.

"Kibanda chako kiko usawa wa ghorofa ya kumi na nne," Profesa akahesabu kwa vidole vyenye saruji. "Gawa kwa mbili. Saba."

Akainamisha kopo. Vikaanguka viwili tu.

"Wamevimaliza, wezi hawa! Basi viwili hivi vya kuanzia. Kanunue vitano vingine, umeze vyote leo, kesho utapanda huko juu mkavu kama tofali."

Mwewe akaviweka viwili mfukoni, akavuta subira mpaka saa za kazi zilipoisha. Njiani miguu ilikuwa mizito, midomo imekauka, na baridi ilikuwa ikimtembea mgongoni wakati jua bado linawaka. Akajiambia ni uchovu. Kesho ni kesho, na tenki ni tenki.

Duka la dawa lilikuwa kwenye kona, jembamba, lina kioo safi na benchi moja. Muuzaji wake alikuwa msichana mfamasia waliyemwita Binti Miwani, mtoto wa watu, mwenye adabu, ila kabla hajakuuzia dawa anakuuliza maswali kama mama mkwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe vile vidonge vya kufunga tumbo. Vitano. Viwili ninavyo."

"Ni vya nani?"

"Vyangu."

"Vyote saba?"

"Vyote, leo hii."

Binti Miwani akaweka kalamu chini. "Baba, unaharisha wewe au unaharisha mtaa mzima?"

Mwewe akamweleza kanuni ya ghorofa. Alieleza vizuri, kwa heshima, kama mtu anayeeleza sheria ya nchi. Binti Miwani alijikaza sana, lakini alipofika kwenye nondo akashindwa. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho kwa pindo la koti.

"Nisamehe, baba. Ngoja nikwambie kwa lugha ya kazini kwako. Tumbo lako lina bomba refu, na bomba hilo linajikamua lenyewe, linasukuma chakula polepole kwenda chini. Njiani linafyonza maji. Ukiharisha, bomba linakamua mbiombio, maji hayapati nafasi ya kufyonzwa, yanashuka pamoja na chakula. Kidonge hiki kinafanya kazi moja: kinaliambia bomba, taratibu. Basi. Likienda taratibu, maji yanafyonzwa, choo kinashikana. Hiki ni breki. Kwenye kreni yako, breki inatengeneza mashine iliyoharibika?"

"Haitengenezi. Inasimamisha."

"Haya. Hakiui mdudu, na maji uliyopoteza hakikurudishii. Mtu mzima anameza viwili kwanza. Akiharisha tena, kimoja. Kwa siku nzima visizidi vinne bila daktari kumwambia. Siku mbili zikipita hana nafuu, anaacha, anakwenda zahanati. Mtoto mdogo hapewi kabisa. Wala usione wenzako wamemeza vingi wakatembea. Ukivizidisha, vinaweza kuuvuruga moyo, upige vibaya, hata usimame. Moyo haujui uko ghorofa ya ngapi."

Mwewe akameza mate. Mate yenyewe hayakuwepo. "Sawa mwanangu. Basi niuzie viwili, nitimize vinne."

"Nitakuuzia ukinijibu. Una homa?"

"Sina."

"Anayo," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa mkewe, amekuja na sindano zake kwenye ukosi wa gauni na uzi begani. Wabeba saruji walikuwa wamempitia dukani kwake wakamwambia mumewe kageuka lifti na anakwenda kununua dawa. "Alfajiri alikuwa anatetemeka, kitanda kinagonga ukuta. Nikimuuliza anasema anaota."

Binti Miwani akatoa kipimajoto. Wakangoja. Mwewe alitazama dari kama mwanafunzi aliyekamatwa na mwalimu. Kikasoma thelathini na tisa kasoro kidogo.

"Mama, naomba utusubiri pale nje kidogo," Binti Miwani akasema kwa upole. Mke akatoka. Msichana akashusha sauti, akamwinamia mzee. "Baba, mimi ni kama mwanao, lakini hapa ndani mimi ni mfamasia. Ulipokwenda chooni leo, uliona damu?"

Mwewe akageuka kuangalia mlangoni kama mkewe anasikia. Nje pikipiki ilipita. Kisha akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Kwa kukubali.

Binti Miwani akalichukua boksi la vidonge akalirudisha rafuni.

"Sikuuzii hata kimoja."

"Mwanangu! Kesho nina tenki!"

"Damu na homa maana yake kuna mdudu ndani, anauma. Tumbo linamtimua. Wewe ukifunga breki saa hii, umemfungia mwizi ndani ya nyumba, ukakaa naye. Na hata ungekuwa huna homa wala damu, kidonge hiki kinaweza kukutia kizunguzungu na usingizi. Upande nacho kule juu, na mwili umekauka namna hii? Kunywa maji haya." Akamwekea kaunta paketi nne za chumvi na sukari za kukoroga kwenye maji. "Paketi moja, lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa. Kunywa kidogokidogo, usiache. Na zahanati iko hapo mbele, hawajafunga. Nenda."

Mwewe akatoka na paketi zake, amenuna. Kwenye benchi la nje mkewe alikuwa amekaa, anasokota uzi.

"Kuna duka jingine barabara ya pili," Mwewe akasema. "Yule hata hainui kichwa. Unataja, anatoa."

"Liko," mke akakubali.

"Nisipopanda kesho, Mama Pacha atapanda. Akipanda, kiti kimekwenda."

"Kimekwenda."

Mwewe alitegemea mkewe amgombeze ili naye apate cha kujibu. Mke akaendelea kusokota uzi. Upande wa kulia kulikuwa na barabara ya pili, kushoto kulikuwa na zahanati, na vidonge viwili vya Profesa vilikuwa mfukoni vinamchoma kama makaa. Mwewe alisimama pale jasho likimtoka, nusu la homa, nusu la mawazo.

"Nikuulize kitu cha kazini kwako," mke akasema mwishowe. "Hii miaka kumi na tisa, umewahi kunyanyua mzigo usioujua uzito wake?"

Jibu walilijua wote wawili. Kutonyanyua mzigo wa namna hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya Mwewe, kabla hata ya ile ya kusimamisha kazi upepo ukizidi. Aliwahi kugombana na Kabla-ya-Saa-Sita siku nzima kwa ajili ya bando la nondo lisilokuwa na karatasi ya uzito. Aliwahi kushuka akaenda nyumbani wakamwita mkaidi. Nondo zikaja kupimwa, zikakutwa nzito maradufu.

"Hujui kilichomo humo tumboni," mke akasema, "halafu unataka kukinyanyua mpaka ghorofa ya kumi na nne."

Mwewe akatoa vile vidonge viwili mfukoni, akamwekea mkewe kiganjani. Wakavuka barabara kwenda zahanati.

Kule alipimwa choo, akakutwa na bakteria. Daktari akampa dawa ya kuwaua, ya kumeza siku kadhaa bila kuruka hata akijisikia mzima, akamwambia vidonge vya kufunga asivisogelee. Kabla ya kulala, Mwewe alimpigia Msimamizi simu. Alikuwa amejiandalia uongo mzuri wa mjomba aliyefariki, lakini mkewe alikuwa kapiga magoti kitandani anasali, na ni vigumu kumuua mjomba mtu akisali karibu yako.

"Mkuu, tumbo limenishika. Kesho sifai kupanda."

"Na kiti unakijua?"

"Nakijua."

"Haya. Nitamwita Mama Pacha. Pona."

Alhamisi Mwewe aliamka homa imepungua, miguu bado ya mlenda. Mkewe alitaka alale. Akamwomba saa moja tu, ya kukaa kitini kule kazini, aangalie. Mke akamkubalia kwa masharti: lita nzima ya maji yake ya chumvi, mwavuli, na kiti kiwekwe mahali atakapochagua yeye. Akakiweka mbele ya choo cha bati, hatua nne, alizihesabu.

"Kiti kipya hicho!" wabeba saruji wakashangilia. "Feni iko wapi?"

Mama Pacha alipita na kofia yake ngumu, akasimama. "Kaka, pole. Nasikia ulitaka kumeza jengo zima."

"Cheka tu, dada. Hiyo kreni ukiizungusha kushoto inachelewa kusimama. Ianzie mapema."

"Hilo ndilo nililokuwa nalitaka." Akampa redio ya pili. "Kaa nayo. Nikikosea niambie, ila usinipigie kelele, nina mapacha nyumbani."

Akapanda. Tenki lilikuwa uwanjani, jeusi, limefungwa minyororo. Kabla-ya-Saa-Sita alishika karatasi, akasoma uzito, kilo mia tisa, akatazama saa yake. "Nyanyua!"

Mwewe alikuwa ananyanyua chupa mdomoni. Akaishusha. Siku zote mizigo aliiona kutoka juu, kifuniko tu. Leo aliiona ubavuni, na ubavu wa tenki ulikuwa na jasho, matone madogo yamejipanga kuanzia katikati kwenda chini. Juu pakavu. Chini pamelowa.

"Dada, subiri," akasema redioni. Akainuka kwa kujikongoja, akaenda akaligonga tenki kwa konzi. Juu likasema *ding*. Chini likasema *dup*.

"Nani alilipima hili kama linavuja?"

Mafundi bomba wakatazamana. Walilijaza jana jioni. Wakalifungulia maji yatoke, kisha koki ikafungwa. Kila mmoja akadhani mwenzake amesubiri mpaka mwisho.

"Karatasi ni ya tenki tupu," Mwewe akasema. "Humu mna nusu ya maji. Dada, hilo si la kilo mia tisa, ni la tani kadhaa huko. Usilinyanyue."

Minyororo ikalegea. Kisha Mama Pacha akasema polepole, "Mungu wangu. Na kengele ya uzito ya hii kreni ya babu haiaminiki."

"Haiaminiki."

Wakafungua koki. Maji yakamwagika kwa kishindo, yakatapakaa uwanja mzima, watu wakirukia mbao. Profesa akayatazama, akatazama choo cha bati, akamtazama Mwewe.

"Jamani," akasema kwa huzuni kubwa, "hata tenki limeharisha."

Uwanja mzima ukacheka, mpaka Msimamizi, mtu ambaye hawakuwahi kuyaona meno yake. Mwewe alicheka mpaka ikambidi azitumie zile hatua nne kwa haraka.

Tenki lilifika paani saa saba na robo. Mama Pacha aliliteremsha taratibu, Mwewe akimwongoza kwa redio, "kushoto kidogo, ianzie sasa, basi, basi, mlaze." Kabla-ya-Saa-Sita akafunga karatasi yake. Alikuja akasimama mbele ya kiti cha plastiki, akakohoa.

"Nilisema atakayepandisha."

"Ulisema, mkuu. Na aliyepandisha ni yeye."

"Ungekuwa juu ungeliona lile jasho?"

Mwewe akafikiri. "Nisingeliona."

Msimamizi akaitia karatasi mfukoni. Akamshika bega, akaenda zake. Kiti cha sponji kilikwenda kwa Mama Pacha kama ilivyoahidiwa, na Mwewe kilimuuma siku mbili tatu. Tusidanganyane, kilimuuma. Mkewe hakumwambia lolote la kumfariji. Alimshonea mto mnene wa kitambaa cha sare, wa kukalia, akamwekea ndani ya begi lake la kazi.

Kule stoo kopo la bati nalo lilibadilika. Binti Miwani alileta boksi jipya na karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa, wakaibandika ukutani: kwanza maji ya chumvi na sukari, mtu mzima viwili, kisha kimoja kimoja, visizidi vinne kwa siku, siku mbili tu, homa au damu, usimeze, nenda zahanati, kizunguzungu, usipande, usimpelekee mtoto nyumbani. Profesa aliisoma mara tatu akitafuta kosa.

"Haijataja ghorofa," akalalamika.

"Haijataja," wakamjibu kwa pamoja.

Wiki iliyofuata Mwewe alishika ngazi yake tena. Mungu wangu, nipandishe na unishushe. Cha thelathini na tatu kimepinda, cha themanini kikalia, upepo ukamsalimia. Akaweka mto wake, akakaa. Kwa mbali, juu ya mapaa, aliiona kreni mpya ikiwa imesimama, ya manjano, inang'aa, Mama Pacha akiwa ndani yake. Kengele ya chakula ilipolia akaanza kujiandaa kushuka, vipago vyote, kwa sababu mkewe alikuwa akimngoja getini na kopo la moto.

Redio ikakwaruza.

"Kaka, mbona unashuka? Tumbo tena?"

"Hapana, dada. Nakwenda kula."

"Kula nini?"

"Cha leo," Mwewe akasema, akafungua mlango wa kibanda.